Kolesteroli Ikiwa Juu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Chakula na Mafuta ya Kupikia

Mtu akiambiwa kolesteroli yake imepanda, jambo la kwanza analofanya ni kuacha mafuta. Baada ya miezi michache anapima tena, anakuta namba hazijashuka kama alivyotarajia, na anakata tamaa. Mara nyingi hajakosa juhudi. Amepunguza mafuta kwa jumla bila kuangalia ni mafuta ya aina gani yameondoka na ni chakula gani kimeshika nafasi yake. Karibu majibu yote yaliyo hapa chini yanarudi kwenye jambo hilo.

Kolesteroli inatoka kwenye chakula au mwili unaitengeneza?

Sehemu kubwa, karibu robo tatu au zaidi, hutengenezwa na mwili wenyewe, na ini ndilo mtengenezaji mkuu. Mwili unaihitaji kwa ajili ya kuta za seli, homoni na nyongo. Haiyeyuki kwenye maji, kwa hiyo husafiri ndani ya damu ikiwa imebebwa na chembe ndogo za mafuta na protini. LDL, inayoitwa kolesteroli mbaya, ni moja ya chembe hizo. Zikizidi, huingia kwenye ukuta wa mishipa ya ateri, hubaki humo na kujenga utando unaoziba njia ya damu taratibu kwa miaka mingi, bila maumivu yoyote.

Kinachoamua kiasi cha LDL kwenye damu ni kasi ya ini kuiondoa. Ini lina vipokezi vinavyokamata LDL na kuivuta ndani. Wamarekani Michael Brown na Joseph Goldstein walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1985 kwa kazi yao iliyofafanua vipokezi hivyo. Ukila mafuta mengi yaliyoshiba, yaani yale ambayo mengi huganda kwenye joto la kawaida, vipokezi hupungua nguvu na LDL hubaki ikizunguka. Ndiyo maana mafuta ya mmea yasiyo na chembe ya kolesteroli yanaweza kuipandisha kolesteroli yako. Na ndiyo maana maneno "haina kolesteroli" kwenye chupa ya mafuta ya mimea hayakusaidii kuchagua: mafuta yote ya mimea yana kolesteroli kidogo mno au hayana kabisa.

Majibu ya maabara yana namba nne. Niangalie ipi?

Namba hizo ni kolesteroli ya jumla, LDL, HDL (inayoitwa kolesteroli nzuri) na trigliseridi (mafuta mengine yanayosafiri kwenye damu). Anza na LDL. Kolesteroli ya jumla inachanganya vyote, kwa hiyo inaweza kuonekana juu kwa sababu HDL yako ni kubwa, au kuonekana ya kawaida huku LDL ikiwa na tatizo.

Kwa mtu mzima asiye na ugonjwa mwingine, LDL iliyo chini ya 100 mg/dL (2.6 mmol/L) ni nzuri. Kuanzia 130 (3.4) inaanza kukaribia kiwango cha juu, kuanzia 160 (4.1) iko juu, na kuanzia 190 (4.9) iko juu sana na inataka daktari aangalie kama kuna sababu ya kurithi. Aliyewahi kupata mshtuko wa moyo au kiharusi hupangiwa lengo la chini zaidi: chini ya 70 mg/dL (1.8), na miongozo ya Ulaya inataka chini ya 55 (1.4) kwa walio kwenye hatari kubwa kabisa.

Angalia kizio kabla ya kulinganisha karatasi mbili. Maabara moja ikitumia mg/dL na nyingine mmol/L, gawanya mg/dL kwa 38.67 upate mmol/L. Kwa trigliseridi kigawanyo ni 88.57. Watu huogopa bure, au hufurahi bure, kwa kulinganisha vizio viwili tofauti.

Maabara nyingi hazipimi LDL moja kwa moja, huikokotoa: kolesteroli ya jumla, toa HDL, toa trigliseridi zilizogawanywa kwa 5 (kwa mg/dL) au kwa 2.2 (kwa mmol/L). Hesabu hiyo huharibika trigliseridi zikipita 400 mg/dL (4.5 mmol/L). Hapo tumia namba nyingine usiyohitaji kulipia: kolesteroli ya jumla kutoa HDL. Inajumlisha chembe zote zinazoziba mishipa, na lengo lake ni lile la LDL ukiongeza 30 mg/dL (0.8 mmol/L).

Kuhusu HDL, usiihangaikie. HDL ndogo ni dalili ya hatari, lakini dawa nyingi zilizotengenezwa kuipandisha hazikupunguza mshtuko wa moyo zilipopimwa. Wala HDL kubwa haifuti LDL kubwa.

Ni mafuta gani ya kupikia niyatumie?

Chagua kwa kiasi cha mafuta yaliyoshiba. Kijiko kikubwa kimoja cha chakula hubeba takriban gramu 14 za mafuta ya maji. Ndani yake mafuta yaliyoshiba ni karibu hivi:

- nazi: gramu 11 hadi 12
- samli: gramu 8
- siagi: gramu 7
- mawese: gramu 7
- mbegu za pamba: gramu 3.5
- karanga: gramu 2.3
- zeituni, soya na ufuta: gramu 2
- mahindi: gramu 1.8
- parachichi: gramu 1.6
- alizeti: gramu 1.4
- kanola: gramu 1

Pengo liko kati ya manne ya kwanza na mengine yote. Kuhangaika kuchagua kati ya alizeti na kanola, au kati ya soya na zeituni, ni kupoteza muda ikiwa siagi au samli bado ndiyo inayopika chakula cha kila siku. Chukua yanayopatikana kwako kwa bei unayoimudu kutoka sehemu ya chini ya orodha. Mafuta ya zeituni ambayo hayajasafishwa yana faida yake, lakini hayana upekee unaowalazimu watu wote kuyanunua.

Mafuta ya mbegu za mawese, yale yanayokamuliwa kwenye kokwa, hayafanani na mawese ya kawaida. Yana takriban asilimia 80 ya mafuta yaliyoshiba, karibu sawa na nazi, na hutumika sana kwenye biskuti, krimu za kupaka na unga wa kuweka kwenye chai badala ya maziwa.

Kubadilisha mafuta pekee kunashusha LDL kiasi gani?

Hesabu inawezekana. Kwa kila asilimia 1 ya nishati ya siku inayohamishwa kutoka mafuta yaliyoshiba kwenda mafuta kama ya alizeti au soya, LDL hushuka kwa wastani wa karibu 2 mg/dL (0.055 mmol/L). Ukihamia mafuta kama ya zeituni, hushuka karibu 1.6 (0.042). Ukihamia wanga, karibu 1.3 (0.033), ila trigliseridi hupanda kidogo.

Chukua mtu anayekula kalori 2,000 kwa siku na kutumia vijiko vikubwa viwili vya siagi. Akiweka kanola badala yake, mafuta yaliyoshiba yanapungua kutoka gramu 14 hadi 2. Gramu 12 ni kalori 108, yaani zaidi kidogo ya asilimia 5 ya nishati yake. LDL yake inaweza kushuka kwa takriban 8 hadi 11 mg/dL. Anayetumia vijiko vinne atapata karibu mara mbili ya hapo. Anayetumia kijiko cha chai kimoja kwa siku hataona tofauti, na atafute mafuta yake yaliyoshiba kwingine: kwenye nyama, jibini, vitafunwa vya kuokwa.

Kwa siku nisizidishe gramu ngapi za mafuta yaliyoshiba?

Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi asilimia 10 ya nishati. Kwa kalori 2,000 hiyo ni gramu 22. Kwa mtu ambaye LDL yake imeshapanda, Shirika la Moyo la Marekani linashauri chini ya asilimia 6, yaani gramu 13. Lenga 13 na usijilaumu siku ukifika 16.

Kosa kubwa la jikoni ni kumimina moja kwa moja kutoka kwenye chupa. Mkono hauna kipimo, na mmimino mmoja wa kawaida huwa vijiko vitatu au vinne. Njia inayofanya kazi ni kutenga mafuta ya wiki nzima: vijiko vikubwa viwili kwa mtu kwa siku ni mililita 30, kwa hiyo mtu mmoja anapata mililita 210 kwa wiki na watu wanne mililita 840. Mimina kiasi hicho kwenye chupa ya pembeni. Ikiisha siku ya Alhamisi, umejua tatizo liko wapi bila kupima kila sufuria. Kila kijiko ni karibu kalori 120 hata kama mafuta ni mazuri, kwa hiyo uzito nao unanufaika.

Si bora niache mafuta kabisa, nile vyakula vya kuchemsha tu?

Hapana. Utakachoweka mahali pa mafuta ndicho kinachoamua. Wengi wanaoacha mafuta huongeza mkate mweupe, wali, viazi, juisi na vitafunwa vilivyoandikwa "mafuta kidogo" huku vimejazwa sukari. LDL hushuka kidogo, trigliseridi hupanda, HDL hushuka, njaa huongezeka, na hatari ya moyo hubaki pale pale. Faida kwa moyo huonekana mafuta yaliyoshiba yanapochukuliwa nafasi na mafuta yasiyoshiba au na nafaka zisizokobolewa, maharagwe na jamii yake. Vitamini A, D, E na K nazo zinahitaji mafuta ili mwili uzifyonze.

Wenye trigliseridi zilizopanda kupita kiasi wana utaratibu tofauti. Soma jibu lao mbele kabla hujafuata hili.

Nimesoma kwamba mafuta ya nazi ni ya asili na huchoma mafuta mwilini. Kweli?

Asili yake haibadilishi kazi yake. Majaribio yaliyolinganisha mafuta ya nazi na mafuta ya maji kama ya soya, alizeti au zeituni yanaonyesha nazi hupandisha LDL. Hupandisha HDL pia, na hapo ndipo watetezi wake hushika, lakini tumeshaona HDL iliyopandishwa haijathibitika kulinda moyo. Madai ya "kuchoma mafuta" yametokana na mafuta maalumu ya maabara yenye mnyororo mfupi zaidi. Mafuta ya nazi yana asidi ya lauriki kwa wingi, karibu nusu yake, na asidi hiyo haiendi mwilini kwa njia ile ile. Tumia kidogo kwa ladha ukipenda, usiyafanye mafuta ya kila siku.

Mafuta ya mbegu husababisha uvimbe wa ndani kwa ndani (inflammation) mwilini?

Madai hayo yameenea sana. Majaribio ya kuwalisha watu omega-6, aina ya mafuta yasiyoshiba iliyo nyingi kwenye alizeti, mahindi na soya, hayakuonyesha viashiria vya uvimbe vikipanda kwenye damu. LDL hushuka waziwazi. Shida halisi ya mafuta haya ni kuyaunguza na kuyarudia.

Basi nikaange vipi, na mafuta yaliyobaki naweza kuyatumia tena?

Kukaanga kwa mafuta mengi weka joto kati ya nyuzi 160 na 180 za Selsiasi. Chini ya hapo chakula hunywa mafuta, juu ya hapo mafuta huvunjika haraka. Kama huna kipimajoto, tia kipande kidogo cha mkate: kikiwa cha rangi ya dhahabu kwa karibu dakika moja, joto linatosha. Kikiwa cheusi ndani ya sekunde chache, punguza moto. Moshi ukionekana, umeshapitiliza.

Mafuta huharibiwa na vitu vinne: joto, hewa, maji na makombo. Kausha chakula kabla ya kukitumbukiza, tia chumvi baada ya kukaanga, kaanga kidogo kidogo ili joto lisianguke, na mafuta yakipoa yachuje kwa kitambaa kisha uyafunge kwenye chombo kisichopitisha mwanga. Nyumbani, kuyarudia mara moja au mbili inatosha. Yamwage yakiwa meusi, yakinata, yakitoa povu lisilotulia, yakinuka uchachu, au yakitoa moshi kwenye joto ambalo mwanzo halikutoa moshi. Usiongeze mafuta mapya juu ya ya zamani ukidhani umeyafufua. Yale yaliyoharibika huharakisha kuharibika kwa mapya.

Na kukaanga kwa mafuta mengi kusiwe njia yako ya kila siku, hata kwa mafuta bora. Chakula kilichochovywa kwenye unga hunyonya mafuta mengi kuliko unavyoona kwa macho.

Majarini ni bora kuliko siagi?

Inategemea ni majarini gani. Zile laini za kopo, zilizotengenezwa kwa mafuta ya maji na zisizo na mafuta ya transi, ni bora kuliko siagi kwa LDL. Zile ngumu za mche za mtindo wa zamani zinaweza kuwa mbaya kuliko siagi, kwa sababu zilitengenezwa kwa kuongeza haidrojeni nusu njia kwenye mafuta ya maji, na hapo ndipo mafuta ya transi huzaliwa. Mafuta hayo hupandisha LDL na kushusha HDL kwa pamoja. Hakuna kiasi chake kinachohitajika mwilini.

Denmark ilikuwa nchi ya kwanza kuyawekea kikomo kwa sheria, mwaka 2003. Shirika la Afya Duniani lilianza kampeni ya kuyaondoa duniani mwaka 2018, na kipimo linachopendekeza ni yasizidi gramu 2 katika kila gramu 100 za mafuta. Nchi nyingi zimefuata, nyingine bado, kwa hiyo soma pakiti mwenyewe. Kwenye orodha ya viungo tafuta maneno yanayosema mafuta "yameongezwa haidrojeni kwa sehemu"; lebo za Kiingereza huandika partially hydrogenated. Ukiyaona, rudisha bidhaa rafuni, hata kama jedwali la pembeni linasema transi ni 0. Marekani, kwa mfano, inaruhusu kuandika 0 ikiwa kipimo kimoja cha mlaji kina chini ya gramu 0.5, na mlaji hali kipimo kimoja.

Kwa mafuta yaliyoshiba, angalia safu ya gramu 100, si ya "kipimo kimoja", maana kila kampuni hujipangia kipimo chake. Uingereza hutumia mpaka ulio rahisi kukumbuka: zaidi ya gramu 5 katika gramu 100 ni nyingi, gramu 1.5 au pungufu ni kidogo.

Mayai, maini na kamba niache?

Kiini cha yai moja kubwa kina takriban miligramu 185 za kolesteroli, na zamani mayai yalipigwa marufuku kwa sababu hiyo. Kwa watu wengi kolesteroli ya kwenye chakula huathiri ya kwenye damu kwa kiasi kidogo, kwa kuwa ini hupunguza uzalishaji wake. Mwongozo wa lishe wa Marekani uliondoa kikomo cha miligramu 300 kwa siku mwaka 2015. Yai moja kwa siku halina shida kwa wengi. Mwenye kisukari, au ambaye LDL yake imegoma kushuka, abaki kwenye viini vitatu au vinne kwa wiki. Ute hauna kolesteroli, ale atakavyo. Tazama pia yai limekaangwa kwa nini na limeambatana na nini.

Kamba wana kolesteroli nyingi lakini karibu hawana mafuta yaliyoshiba, kwa hiyo wanaliwa bila hofu kama hawajazamishwa kwenye siagi. Maini yana kolesteroli nyingi mno na vitamini A nyingi mno. Mara moja kwa wiki inatosha.

Nikila kuku badala ya nyama nyekundu, LDL itashuka?

Si kwa kuku peke yake. Jaribio moja la Marekani lililochapishwa mwaka 2019 liligundua kwamba nyama nyeupe na nyama nyekundu ziliiacha LDL kwenye kiwango kinachokaribiana, na protini ya mimea ndiyo iliyoishusha. Ondoa ngozi ya kuku na mafuta yanayoonekana kwenye nyama, punguza soseji na nyama za kopo, lakini hatua yenye nguvu ni kuweka maharagwe, dengu, njegere au soya mahali pa nyama mara tatu au nne kwa wiki. Samaki mara mbili kwa wiki ni wazuri. Samaki wenye mafuta mengi hushusha trigliseridi, ingawa LDL hawaigusi sana.

Kwenye maziwa, siagi na krimu ndizo zinazopandisha zaidi. Jibini na mtindi hupandisha LDL kidogo kuliko siagi hata gramu za mafuta yaliyoshiba zikilingana. Hiyo si ruhusa ya jibini bila kipimo: gramu 30 zina karibu gramu 6 za mafuta yaliyoshiba, nusu ya mgao wa siku wa mtu anayelenga 13.

Kuna chakula kinachoshusha LDL chenyewe, mbali na kupunguza mafuta?

Kipo, na hapa ndipo wengi huacha faida mezani kwa sababu wanashughulika na makatazo tu.

Cha kwanza ni nyuzinyuzi zinazoyeyuka na kuwa ute tumboni. Ini hutumia kolesteroli kutengeneza nyongo, nyongo huingia utumbo, na kwa kawaida sehemu kubwa hufyonzwa na kurudi. Ute wa nyuzinyuzi huikamata na kuitoa na choo. Ini hulazimika kutengeneza nyongo mpya, na malighafi inaipata kwa kuvuta LDL kutoka kwenye damu. Gramu 3 kwa siku za betaglukani, nyuzinyuzi ya oti na shayiri, hushusha LDL kwa takriban asilimia 5. Kuzipata unahitaji karibu gramu 75 za oti kavu, yaani bakuli kubwa au bakuli mbili ndogo. Bakuli dogo la gramu 40 linakupa nusu yake, na ndiyo sababu wengi wanaosema "nakula oti kila siku" hawaoni kitu. Maharagwe na jamii yake, kikombe kama kimoja cha yaliyopikwa (gramu 130) kila siku, hutoa kushuka kwa asilimia 5 pia.

Maganda ya mbegu za isabgoli, ambayo kwenye pakiti huandikwa psyllium, yana nguvu zaidi kwa gramu. Gramu 7 hadi 10 kwa siku, zikigawanywa mara mbili, hushusha LDL kwa asilimia 5 hadi 10. Anza na gramu 3 na upandishe kwa wiki mbili, la sivyo tumbo litajaa gesi. Koroga kwenye glasi kamili ya maji, unywe mara moja kabla hayajaganda, ufuatishe glasi nyingine. Ukinywa na maji kidogo yanaweza kukukwama kooni. Dawa zako zimeze saa mbili kabla au baada. Mwenye shida ya kumeza au utumbo uliowahi kuziba asiyatumie.

Cha pili ni karanga, lozi, jozi na korosho. Kiganja kimoja, gramu 30, kila siku badala ya biskuti. Majaribio yaliyotumia karibu gramu 67 kwa siku yalishusha LDL kwa asilimia 7, lakini gramu hizo ni karibu kalori 400, hivyo lazima kitu kingine kitoke.

Cha tatu ni protini ya soya: gramu 25 kwa siku hushusha asilimia 3 hadi 4.

Cha nne ni steroli za mimea, zinazoongezwa kwenye baadhi ya majarini na vinywaji vya mtindi. Gramu 2 kwa siku pamoja na mlo hushusha asilimia 7 hadi 10 kwa kuzuia kolesteroli isifyonzwe. Kupita gramu 3 hakuongezi kitu. Wajawazito, wanaonyonyesha, watoto wadogo na wenye ugonjwa nadra wa kurithi wa sitosterolemia wasitumie. Ni ghali, na ningeziweka mwisho.

Nguvu iko kwenye kuvijumlisha. David Jenkins na wenzake wa Toronto, Kanada, walivikusanya vyote vinne kwenye mlo mmoja, na mwaka 2003 walichapisha matokeo: watu waliopewa chakula chote tayari, LDL yao ilishuka kwa karibu asilimia 29, karibu sawa na lovastatini, dawa ya kushusha kolesteroli iliyolinganishwa nayo. Watu wa kawaida walioelekezwa tu na kujipikia nyumbani, katika jaribio la 2011, walipata karibu asilimia 13. Tegemea namba hii ya pili.

Kahawa inahusika?

Inahusika kwa namna inavyotayarishwa. Kahawa iliyochemshwa, au iliyokamuliwa kwa chujio la chuma, hubaki na mafuta yanayoitwa kafestoli, ambayo hupandisha LDL. Chujio la karatasi huyazuia. Anayekunywa vikombe vinne au vitano vya kahawa ya kuchemsha kila siku abadilishe chujio kabla ya kubadilisha kitu kingine.

LDL yangu si mbaya sana, ila trigliseridi ziko juu. Nifanye nini?

Hapa adui wakuu ni sukari, vinywaji vitamu pamoja na juisi za matunda, wanga uliokobolewa, pombe na uzito uliozidi. Kupunguza asilimia 5 hadi 10 ya uzito kunaweza kushusha trigliseridi kwa karibu asilimia 20. Pombe iache kabisa kwa wiki chache kisha upime. Wengine hugundua ndiyo ilikuwa sababu nzima. Kisukari kisichodhibitiwa nacho kichunguzwe.

Zikipita 500 mg/dL (5.6 mmol/L), hatari ya kongosho kuvimba ghafla huanza. Zikipita 1,000 (11.3), mafuta ya aina zote hupunguzwa kwa ukali, hadi asilimia 10 au 15 ya nishati, na hata mafuta ya zeituni na karanga husimama. Hili hufanyika chini ya daktari. Maumivu makali ya tumbo la juu yanayopenya mgongoni, pamoja na kutapika, ni ya kukimbizwa hospitali saa hiyo hiyo.

Vitunguu saumu, maji ya ndimu, siki, dawa za "kusafisha mishipa"?

Vitunguu saumu vina athari ndogo isiyo thabiti. Maji ya ndimu hayashushi LDL. Hakuna kinywaji kinachosafisha mishipa. Tahadhari kubwa ni kwa mchele mwekundu uliochachushwa, unaouzwa kama kirutubisho cha asili: una monakolini K, kemikali ile ile ya lovastatini, kwa kipimo kisichojulikana, na wakati mwingine una sumu ya ukungu inayodhuru figo. Ukiumeza pamoja na statini (kundi la dawa za kushusha kolesteroli, lovastatini ikiwamo), umemeza dozi mbili bila kujua.

Baada ya muda gani nipime tena?

Badiliko la chakula huonekana kamili kwenye LDL ndani ya wiki 4 hadi 6. Pima baada ya wiki 8 hadi 12, maabara ile ile. Kufunga kula si lazima kila mara, ila trigliseridi zikiwa juu fika ukiwa hujala kwa saa 9 hadi 12. Usipime ukiwa umetoka tu kuugua vibaya au kufanyiwa upasuaji, kwa sababu LDL hushuka kwa muda na kukudanganya. Ujauzito nao huipandisha. Na ujue LDL huyumba kwa asilimia kadhaa bila sababu: kutoka 142 hadi 136 si ushindi, na kutoka 136 hadi 142 si kushindwa.

Nimefuata kila kitu na LDL haijashuka. Kwa nini?

Kwanza andika kila unachokula kwa siku tatu, mojawapo iwe ya mapumziko, pamoja na mafuta ya kupikia. Mara nyingi jibu liko kwenye chakula cha nje, krimu ya kahawa, vitafunwa vya kuokwa, au mlo wa wanga kidogo na siagi nyingi, ambao kwa baadhi ya watu hupandisha LDL kwa kishindo.

Kama chakula kiko sawa, mwombe daktari aangalie tezi ya shingo, figo, ini na sukari. Tezi ikifanya kazi chini ya kiwango hupandisha LDL, na ikitibiwa LDL hushuka yenyewe. Baadhi ya dawa za steroidi, za kuzuia mwili kukataa kiungo kilichopandikizwa na za VVU huchangia pia, usiziache mwenyewe.

Halafu kuna urithi. Karibu mtu 1 kati ya 250 hadi 300 huzaliwa na vipokezi vya LDL visivyofanya kazi vizuri, na LDL yake hupita 190 hata akiwa mwembamba na mlaji wa mboga. Uvimbe mgumu kwenye kano za kisigino au vidole, pete nyeupe kuzunguka mboni kabla ya miaka 45, au ndugu wa karibu aliyepata mshtuko wa moyo akiwa kijana ni dalili zake. Chakula kinamsaidia lakini hakimtoshi. Anahitaji dawa mapema, na wazazi, ndugu na watoto wake wapimwe.

Nikila vizuri naweza kuacha statini?

Usiiache bila kukubaliana na daktari. Kwa aliyewahi kupata mshtuko wa moyo au kiharusi, mwenye LDL ya 190 na zaidi, na wengi wenye kisukari, chakula hufanya kazi pamoja na dawa, si badala yake. Kila LDL inaposhuka kwa 1 mmol/L (karibu 39 mg/dL) kwa statini, matukio makubwa ya moyo na kiharusi hupungua kwa takriban asilimia 22.

Lakini chakula chako kina thamani hata ukiwa kwenye dawa. Kuongeza dozi ya statini mara mbili huleta kushuka kwa asilimia 6 tu zaidi. Bakuli kubwa la oti na kikombe cha maharagwe kila siku vinaweza kukupa kiasi hicho bila kuongeza kidonge. Kama unatumia simvastatini au atorvastatini, jihadhari na balungi kwa wingi: huzuia dawa isivunjwe na kuongeza hatari ya maumivu ya misuli.

Familia nzima ile hivi, au niwe na sufuria yangu?

Sufuria moja. Mafuta ya maji mahali pa siagi, maharagwe mara nyingi zaidi na nafaka zisizokobolewa vinamfaa mtu mzima na mtoto mkubwa vilevile, na mgonjwa anayepikiwa peke yake huchoka mapema. Isipokuwa watoto wa chini ya miaka 2: wao wasipunguziwe mafuta, kwa kuwa ubongo unakua na tumbo ni dogo, na maziwa yao yawe yenye mafuta yake yote. Karanga na lozi nzima wasipewe walio chini ya miaka 5, zinaweza kuwapalia, wasagie.